Fisi na Vikapu Vilivyofudikizwa

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Fisi hajajua haya (na mpaka leo sidhani kama anaijua), alikuwa na chusa, mkuki mrefu wa kuulia viumbe wa baharini. Kwa chusa hicho alimuua mume wa Nyangumi.

"Akishaitia chumvi ile nyama, atamrudia mwanangu," Nyangumi alimlilia rafiki yake Nguchiro. "Bado mchanga, hawezi kukimbia!"

Nguchiro, mnyama mdogo kama kiatu, alikimbia sokoni kwa Kiboko na Mama Ngiri, wauza chumvi na wakodisha nyavu, moyo du! du! du!

"Mzee Kiboko, tafadhali, usimuuzie Fisi chumvi wala usimkodishe nyavu!"

"Nikimnyima mimi, atapewa na Ngiri."

"Na mimi nikimnyima, atapewa na Kiboko," akasema Mama Ngiri.

Nguchiro alikaribia kulia. Kisha akasema polepole, "Haya. Lakini mume wa Nyangumi amefariki. Au wa majini hawafanyiwi matanga?"

Wakaona aibu. Desturi ya soko lile, pakiwa na msiba, vikapu hufudikizwa, midomo chini, siku tatu. Hakuna kuuza, hakuna kuvua, na muuzaji hasemi na mteja.

"Ila msipike ubwabwa," akaongeza Nguchiro. "Mfiwa hali wali."

Mjanja huyo! Fisi huujua msiba kwa harufu ya ubwabwa tu. Kuuliza nani kafa, hajawahi.

Siku ya kwanza Fisi akaja. "Chumvi!" Kimya. "Basi nyavu, nikavue!" Kimya. Akanusa huku, akanusa kule, hakusikia harufu ya chakula. Basi si msiba, wamemsusia! Akaogopa.

Siku ya tatu nyama ilikuwa imeoza, inzi vuuu! Hata pua ya Fisi, mnayoijua, iliikataa. Watoto wake walilia njaa.

"Nguchiro, hawa wana nini na mimi?"

"Umemuua mume wa Nyangumi, bwana. Unaona soko lilivyo."

"Nifanyeje?"

"Ningekuwa wewe, ningekitupa hicho chusa kilindini, nikaapa mbele yao."

"Ngoja nifikirie mpaka kesho."

Kesho! Matanga yalikuwa yanaisha alasiri ile ile. Kiboko alishapiga miayo, mkono uko juu ya kikapu. 

"Kesho watoto wako watakula nini?" Nguchiro akauliza upesi.

Fisi akawatazama wanawe. Akaapa kwa sauti kubwa, akakirusha chusa baharini. Chubwi!

"Haya, matanga yamekwisha!" Kiboko akainua kikapu chake. "Karibuni chumvi!"

"Matanga?" Fisi akaruka. "Kumbe hamkunisusia? Mngeniuzia leo hii?"

Kiboko akamtazama Ngiri. Ngiri akamtazama Kiboko. Wote wawili walikuwa wamemwona Fisi akitetemeka.

"Tungekuuzia," akasema Mama Ngiri. "Lakini umeapa, na sisi tumesikia. Ukichonga chusa kingine, tunafudikiza tena, na safari hii bila msiba."

Nguchiro akaketi chini. 

Wanangu, mwenye nguvu haogopi mmoja anayemkataza, anaogopa wote wanaomkatalia pamoja. Na mimi kikapu changu cha maneno nakifudikiza hapa.