Kwa Nini Ukungu Hushuka Bila Kubisha Hodi

Nawasikia mnavyoulaani ukungu, nguo hazikauki, mbuzi hawaonekani. Laanini tu, ujana ni maji ya moto. Lakini zamani, kabla ya babu wa babu zenu, huku milimani hapakuwa na ukungu hata chembe. Mlima ulikaa wazi kutwa nzima, kila jiwe likionekana, na watu walisema Mungu anakaa kileleni. Hakuna aliyekuwa amemwona, ila kila mtu alisema, basi ikawa hivyo.

Alikuwepo mwanamke mfinyanzi, jina lake Nakiete, mjane mwenye binti mmoja, Nambua. Mtoto akashikwa na homa. Nakiete alipanda mahali pa matambiko na pombe na maziwa, akaita mpaka sauti ikakauka. Alipoteremka, akamkuta Nambua ameshakata roho.

Watu wakaja msibani. Na desturi yetu mnaijua, maana haijabadilika: anayekuja kuhani msiba habishi hodi wala hasalimii. Huingia kimya, hujifunika kichwa, hukaa chini na wafiwa, wala hafungui kinywa mpaka mfiwa aanze mwenyewe kusema. Walikuja wote, hata jirani aliyegombana na Nakiete kwa ajili ya mpaka wa shamba. Matanga yalipokwisha, wakamwambia, kama tunavyosema, kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Nakiete akawajibu kwamba Mungu hayupo. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba njia fulani imefungwa, usijisumbue kuipita. Tangu hapo hakukanyaga tena kwenye matambiko. Alifinyanga vyungu vyake, na jioni aliketi mlangoni akitazama njia, ingawa hakuwa na mgeni wa kumngoja. Nadhani mnaelewa. Moyo una ubishi wake, haufuati maneno ya kinywa.

Watu wakaingiwa na hofu kwamba mvua itakatika kwa sababu yake. Mzee wa matambiko, Mkwizu, mtu mwema ila mwenye haraka ya kumsemea Mungu, akawakusanya wote uwanjani asubuhi, Nakiete akiwa na udongo mikononi. Akaomba Mungu ajidhihirishe ili mwanamke huyu apige magoti. Kwa kweli hata yeye hakutarajia.

Mlima ukatikisika. Jua likasimama mahali pamoja mpaka kuku wakachanganyikiwa, na sauti ikatoka kileleni, kila mtu akaisikia kwa lugha ya mama yake: "Nipo."

Wote wakaanguka kifudifudi, Mkwizu wa kwanza. Nakiete alibaki amesimama.

"Nimekusikia," alisema. "Kwamba upo, sibishi tena. Sasa niambie, msiba wangu ulikufikia?"

"Ulinifikia."

"Mbona hukuja?"

Mkwizu, uso ukiwa bado mavumbini, alimnong'oneza apige magoti, asiwaangamize. Hakumsikiliza. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, yale ambayo hakuyatoa hata kaburini.

"Niliposema hupo, nilikuwa nimepata nafuu," alisema. "Asiyekuwepo halaumiwi. Adui yangu alikuja akakaa nami chini. Wewe nilikuita kwa jina, na ulikuwepo."

Akageuka akaenda zake nyumbani. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Walikaa wakingoja radi impige, na radi haikupiga.

Alasiri, jua likiwa limeshaendelea na safari yake, watu wakaona kitu ambacho hawakupata kukiona. Kilele kilijifunika weupe, kama mwanamke anavyojifunika nguo kichwani. Weupe ule ukaanza kuteremka bila upepo, bila sauti. Ukapita nyumba ya Mkwizu, ukapita nyumba zote, ukafika kwa Nakiete. Haukubisha hodi. Uliingia, ukatulia chini sakafuni, ukanyamaza.

Nakiete aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaelewa kwamba anangojwa yeye aanze.

Akaanza. Alieleza jinsi Nambua alivyopenda kulala na mkono mdogo chini ya shavu la mama yake, alivyoogopa mbuzi dume, alivyouliza usiku wa mwisho kama kesho watachimba udongo. Alisema mpaka giza likaingia. Hakupewa sababu, na mtoto hakurudishwa. Asubuhi alionekana uso wake umevimba kwa kulia, akienda mtoni kuchimba udongo. Mkwizu alipomuuliza kama sasa anaamini, alijibu, "Amechelewa, lakini amekuja." Kama alipiga magoti siku nyingine, hakuna aliyemwona.

Na tangu siku hiyo ukungu hushuka huku kwetu, hupita mlango kwa mlango, na huingia bila hodi. Mlima nao hujifunika zaidi ya unavyoonekana. Ndiyo maana sisi wazee hatufungi mlango ukija, hata mkitulalamikia baridi. Mimi nilimzika babu yenu mvua za vuli. Kila ukungu unapoingia humu ndani naueleza habari zake, na nina hamu naye isiyokwisha. Sijajibiwa neno hata moja. Ila haujawahi kuondoka kabla sijamaliza.