Kengele kabla ya Tisini na Saba

Mtoto akipanda kwenye sakafu ya juu ya nyumba hujiona amepata uwanja. Hutimua mbio, akajisahau. Lakini sakafu si uwanja. Ina mwisho, na mwisho wake hauna ukuta.

Palikuwa na msichana aliyeitwa Umeme kwa wepesi wake wa hesabu. Mama yake alikuwa mfuaji wa shuka za hospitali, mjane aliyechunika mikono kwa sabuni. Kila alfajiri alimwomba Mungu jambo moja: mwanawe ashinde mashindano ya hesabu, apate ile nafasi pekee ya shule ya bweni, kila kitu bure. Akiikosa, beseni lilimngoja.

Siku ya fainali walibaki wawili, Umeme na binti wa mshonaji, mkimya kama maji ya mtungini. Kila mmoja alipewa ubao na chaki, na katikati pakawekwa kengele. Wa kuigonga kwanza angejibu kwanza; akikosea, zamu ya mwenzake.

Umeme hakutulia. Mguu ulitikisika, macho yakaenda kwenye kengele, yakarudi, yakaenda tena.

"Tulia, mwanangu," mama alinong'ona kutoka benchi la mbele. "Una siafu mwilini?"

"Nikitulia nitapitwa, mama!"

Mwalimu akaandika 9,991. "Hii ni namba tasa, au siyo?"

Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kuijua ni kuijaribu kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine: mbili, tatu, tano, saba. Ikikataa mbili, nne haina haja ya kuulizwa. Na kwa kuwa mia mara mia ni elfu kumi, na 9,991 haifiki hapo, zilizo chini ya mia zinatosha, nazo ni ishirini na tano.

Chaki ya Umeme ililia ubaoni. Saba, baki mbili. Akaendelea kama anayefukuzwa, jasho likimtiririka, hadi themanini na tisa: baki ishirini na tatu. Akageuka. Binti wa mshonaji, aliyekuwa bado kwenye sabini na moja, aliinua mkono. Kumbe alikuwa akijifuta uso tu! Lakini Umeme alidhani anaifuata kengele. Ishirini na nne zimekataa, hii moja itakubali kwa nini?

Akagonga kengele. "Namba tasa!"

"Huyo hatafuni, anameza!" akadakia seremala mmoja, na ukumbi ukaangua kicheko na makofi. Mama hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye chaki iliyowekwa chini mapema.

"Tisini na saba umeijaribu?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, zote zimekataa..."

"Nimeuliza tisini na saba."

"Hiyo bado," Umeme akakiri.

Zamu ikahamia kwa mwenzake, naye hakuongeza mwendo. Sabini na tatu, sabini na tisa, themanini na tatu, themanini na tisa. Kisha tisini na saba mara mia moja na tatu. Hakikubaki kitu.

"Si tasa," alisema kwa sauti ndogo, na nafasi ikawa yake.

Njiani Umeme alilia kwa kwikwi. "Nilibakiza moja tu, mama!"

"Na jibu lilikuwa kwa hiyo hiyo, mwanangu. Mungu hajatutupa, mwaka ujao upo. Ila kesho kuna shuka, na utazisuuza mpaka maji yatoke safi, si mpaka uchoke."

Umeme akafuta machozi. Hakika, mbio za sakafuni huishia ukingoni.