Binti wa Radi na Wimbo wa Shukrani

Kaeni, wapendwa. Mimi nimechoka leo, nanyi naona mmechoka, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye binti yake mdogo alipigwa na radi akichota maji. Alizimia, akazinduka, hana hata mkwaruzo. Kanisa zima vigelegele! Wakamsimamisha mbele ashuhudie, na Jumapili iliyofuata tena, hata watu wa makanisa mengine wakaja kumwona.

Nyumbani sasa, jamani! Mtoto halali. Kichwa kinamuuma. Akitumwa chumvi anarudi mikono mitupu, amesahau. Akiitwa hageuki. Alikuwa mpole, sasa anarusha vikombe. Mwalimu akamchapa, eti ana kiburi. Mama naye, kwa kuchoka tu, akamchapa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Jumapili moja mtoto akasahau maneno ya ushuhuda, akaangua kilio mbele za watu. Mzee wa kanisa akamsogelea mama. "Mama, mfundishe mwanao shukrani. Mungu amemponya, halafu ananuna?"

Mama aliona aibu, ikamuuma, lakini akajiuliza: mwanangu ananuna, au anaumwa? Kesho yake akambeba mpaka hospitali.

Daktari akachungulia masikio. "Mama, huku ngoma ya sikio imepasuka. Ukimwita hakusikii vizuri. Na huko kusahau, hasira, kukosa usingizi, yaelekea ni radi hiyo hiyo. Inaweza kuumiza ubongo na ngozi ikabaki nzima. Atahitaji kuja kliniki kwa muda mrefu."

"Na mimi nilikuwa namchapa," mama akasema, akajifunika uso kwa kanga.

Jumapili mtoto akaitwa tena. Akasimama mama. "Mwanangu hajapona. Kliniki ni mbali, na mimi peke yangu nimeshindwa. Nani atakwenda nasi?"

Mtu akaanzisha wimbo wa shukrani, wote wakadakia, wakapiga makofi mpaka yule mama akakaa chini.

Ndugu zangu, kanisa lile ni sisi. Tunapenda muujiza uliokwisha, usiotuamsha alfajiri kumsindikiza mtu hospitali. Mwenzetu akisema bado anaumwa, tunamwimbia mpaka anyamaze. Ni watoto wangapi humu tumewatangaza wamepona kwa sababu tulichoka kuwasikiliza?

Kwaya, naomba mkae. Leo hatuimbi. Nitasimama hapa kimya mpaka mmoja wetu amwambie mama mwenye mtoto mgonjwa humu, "Mama, kesho nitakwenda nanyi."