Tangi la Mrisho

Kisichoshika maji hushika udongo. Mmemsikia shangazi yenu akiisema juu ya yule binti aliyeshindwa ushonaji na sasa sambusa zake zinagombewa, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haya, songeni, lakini karanga ziendelee kubanguliwa. Masikio hayahitaji vidole. Methali hii haikushuka na mvua. Ilianzia hapa hapa Tabora, kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Kashindi, na ilianza hivi.

Mumewe, Mrisho, alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni karibu na stesheni. Hawakujaaliwa mtoto, na kwa kuwa mlinzi kazi yake ni kukesha, Kashindi alizoea kulala peke yake. Mrisho jambo hilo lilimuuma. Basi wenye nyumba ya wageni walipotaka kulitupa tangi lao la kioo la kufugia samaki, akaliomba, akalipakia mkokotenini. Walipovuka reli mkokoteni ukaruka, tangi likagonga chuma, ubavu mmoja ukapata ufa kutoka chini hadi katikati.

Hakuvunjika moyo. Alilitua uani chini ya upenu, akalipangusa kwa kanzu yake.

"Nitalitengeneza, Kashindi. Nitakutilia samaki wekundu humu, usikae peke yako tena."

Kabla hajalitengeneza, homa ikamchukua.

Siku za matanga nyumba ilijaa mpaka mikeka ikaazimwa. Ikapita arobaini, watu wakarudi makwao, na Kashindi akabaki na eda yake. Eda mnaijua: mjane hatoki ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wa nje mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, akala nusu, nusu ikalala. Alifagia uani asubuhi, na jioni michirizi ya ufagio ilikuwa palepale, haikukanyagwa na mtu. Redio ikisema "habari za jioni," yeye hujibu "nzuri," kisha huona haya.

Wifi yake Sauda alikuja kila Ijumaa na unga. Kashindi akamwomba amletee Fundi Kasongo wa madirisha. Fundi alifanya kazi uani, Sauda kakaa naye akimsimulia ahadi ya Mrisho, na Kashindi akachungulia nyuma ya pazia. Alimwona fundi akipaka gundi ufa ule kwa nje, kwa ndani hakugusa. Fundi wa madirisha adui yake ni mvua, na mvua hutoka nje. Kashindi roho ilimwambia maji ya tangi husukuma kutoka ndani, lakini mjane wa eda kumpazia sauti mwanamume aliona vibaya. Akalirudisha pazia.

Walipolijaza maji, gundi ikabanduka kama ganda la kidonda. Maji yakatiririka uani.

"Bibi, hapa dawa ni kuubadilisha ubavu mzima," fundi alisema akiwa upande wake wa pazia. "Kioo kinene hivi Tabora hakuna. Nitaagiza Mwanza, tusubiri."

Kashindi akasubiri. Kila asubuhi alitia maji kidogo kujaribu kama gundi iliyobaki itashika, na kila asubuhi yalivuja.

"Wifi, litie udongo upande mboga," Sauda alimwambia. "Unahangaika bure."

Kashindi alimgeukia kwa ukali ambao Sauda hakuwahi kuuona. "Udongo umeshanichukulia Mrisho. Leo niutilie na tangi lake?"

Sauda akachukua kikapu chake, akaondoka bila kunywa chai.

Sasa pale maji yalipokuwa yakivujia, ndipo Kashindi alipopepetea viungo vyake. Mbegu za giligilani zilizoanguka zikalewa maji, zikachipua. Siku hiyo kuku wa jirani alikuwa akizichakura. Kashindi akamfukuza kwa kandambili, akazikusanya chipukizi pamoja na udongo wake, viganja vimejaa, akatazama huku na huku pa kuziweka kuku asifike. Palikuwa na tangi tu. Mikono ikatangulia, moyo ukabaki nyuma. Alipotanabahi, udongo ulikuwa umeshaingia. Alikaa chini akalia kama siku ya msiba.

Lakini hakuutoa. Akaongeza mwingine, akamwagilia. Maji ya ziada yakatokea kwenye ufa, mizizi isioze. Giligilani ikastawi, harufu yake ikavuka ua wa mabati.

"Kashindi we!" Ilikuwa sauti ya Mama Sefu, jirani wa upande wa pili. "Hiyo ni giligilani, au pua yangu imeanza uzee kabla yangu?"

"Ni giligilani, dada."

"Na mimi nina kachumbari imenuna huku! Hodi basi?"

Alipoingia, Kashindi hakuweza kujizuia. "Mama Sefu, ukuta wetu mmoja. Mbona hukuja siku zote hizi?"

Mama Sefu akainamisha kichwa. "Ningekuja na nini, mwenzangu? Pole nilishakupa. Umbea kwenye nyumba ya eda ni aibu. Kila nikifika mlangoni, najiuliza nitasema nimefuata nini, narudi. Na wenzangu vilevile."

"Basi fuateni giligilani."

Wakaifuata kweli. Huyu kachumbari, yule mchuzi, mwingine hata hapiki siku hiyo. Walikata matawi mawili, wakakaa mpaka chai ikaisha.

Ndipo Fundi Kasongo akabisha hodi. Kioo kimefika kutoka Mwanza.

Tangi lingeweza kupona sasa. Samaki wekundu wangeogelea humo, kama Mrisho alivyosema. Kashindi akashika pazia kwa mikono miwili.

"Kirudishe, fundi."

"Na ahadi ya marehemu, bibi?"

"Marehemu aliahidi nisikae peke yangu. Samaki ilikuwa njia yake tu."

"Lakini tangi ni la maji!"

"Kisichoshika maji hushika udongo, fundi. Chukua na wewe giligilani, mpelekee mkeo. Mwambie aje mwenyewe kesho."

Msidhani upweke ulikwisha. Usiku kitanda kilikuwa kipana vilevile, na redio aliendelea kuijibu. Ila aliacha kuona haya, na asubuhi hakuliuliza tena tangi kwa nini linavuja. Alilimwagilia, akafungua mlango. Wanawake wakayabeba maneno yake pamoja na matawi yale, kila mtu jikoni kwake, mpaka yakatufikia sisi: kisichoshika maji hushika udongo.