Bi Shupaza na Miiba ya Zawena

Paukwa.

Pakawa.

Paukwa wenye kazi.

Pakawa wasio nayo.

Naona hao wa pili ndio mlioitikia kwa nguvu. Sogeeni basi. Moto ni wetu sote, na kuni nimeokota mwenyewe bila kuulizwa nina experience gani.

Hapo zamani, zamani ile ambayo chui alikuwa bado analala chini kama wenzake, kulikuwa na nungunungu wa familia moja katika shimo chini ya kilima. Shimo lilikuwa zuri. Lilikuwa na chumba cha kulala, lilikuwa na sebule, lilikuwa na jiko. Mvua haikuingia. Upepo haukuingia. Wageni ndio walioingia.

Mle ndani aliishi Baba, aliyependa viazi kuliko jina lake. Aliishi Mama, aliyependa usafi. Aliishi Mjomba Kirungu, kaka yake Mama, aliyekuja kusalimia kwa wiki moja na sasa alikuwa katika mwaka wa nne wa kusalimia. Aliishi Nyanya, mama yake Baba, ambaye hakuwa na meno wala haraka. Na aliishi binti yao, Zawena.

Zawena alikuwa amesoma. Alikuwa na digrii ya kuchimba mashimo. Msinicheke mimi. Nungunungu huzaliwa anajua kuchimba, lakini aliambiwa kujua bila karatasi si kujua, akaenda chuoni miaka minne kufundishwa alichokuwa akikifanya tangu utotoni. Akarudi na karatasi yake, akaanza kutafuta kazi.

Akaenda kwa ngiri. Ngiri akamwambia, "We'll get back to you." Akaenda kwa muhanga. Muhanga akamwambia wanataka kijana mbichi kabisa mwenye uzoefu wa miaka kumi. Akaenda kwa nguchiro. Nguchiro akampa kazi fuko, mpwa wa meneja. Fuko haoni. Hata tangazo la kazi alisomewa.

Siku hiyo miiba ya Zawena ilisimama, chwaa, na haikulala kwa miaka miwili.

Mama akasema, "Shusha miiba, mwanangu. Kwenye interview hawapendi mtu aliyenuna."

Baba akasema, "Shusha miiba, binti yangu. Umeshatoboa mikeka yote."

Mjomba Kirungu akasema, "Shusha miiba, mpwa wangu. Fanya networking."

Mjomba mwenyewe network yake ilianzia kitandani ikaishia jikoni, lakini ushauri alikuwa nao, na hakuwa mchoyo.

Sasa, kila jioni familia hii ilicheza karata. Walikuwa na seti moja tu, na mchwa walikuwa wameila. Walikula mabibi watatu, bibi wa kopa, bibi wa uru na bibi wa pau, wakamwacha bibi wa shupaza. Sijui walishiba, sijui waliuona uso wake wakaghairi. Basi mchezo ukawa huo. Karata zinagawiwa. Mwenye mbili zinazofanana anazitupa mkekani. Kisha kila mmoja anachomoa karata moja mkononi mwa jirani yake bila kuiona, akitafuta ya kufanana na yake. Anayemaliza karata amepona. Bi Shupaza hana mwenzake, kwa hiyo mwisho wa mchezo kuna mmoja tu amebaki naye, na huyo ndiye aliyeshindwa. Anaosha vyombo.

Ila mnajua nungunungu alivyo. Moyo wake uko mgongoni. Ukiwa na Bi Shupaza, na jirani akagusa karata nyingine, miiba yako inasimama, chwaa, kwa hofu. Akimgusa Bi Shupaza mwenyewe, miiba inalala, nywee, kwa matumaini. Kipofu angekusoma. Ndiyo maana nyumba ile ilikuwa na adabu moja kubwa: anayechomoa karata hutazama dari. Baba alitazama dari. Mama alitazama dari. Mjomba alitazama dari. Nyanya alitazama dari, na Nyanya hakuwahi kushindwa hata siku moja. Wote walisema Nyanya ana baraka.

Jioni moja mvua ikanyesha, mvua ya kuhamisha mawe. Mlangoni pakasimama Chui, amelowa hadi masharubu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akasema Mjomba Kirungu, maana mgeni wa miaka minne ndiye hukaribisha wengine.

Chui akaingia, akajikung'uta, akatazama sebule. Kula nungunungu hakutaka. Aliwahi kujaribu, akatembea na mwiba puani msimu mzima, watu wakidhani ni urembo. Alichotaka ni nyumba.

"Shimo zuri," akasema. "Linanifaa. Mnaonaje tulizungumze kistaarabu? Nimesimama mlangoni nikiwatazama mnavyocheza karata. Nami nicheze. Michezo mitatu. Yeyote kati yenu akibaki na huyo bibi, nachukua sehemu ya nyumba. Nikibaki naye mimi hata mara moja, nyumba yote ni yenu, naondoka, sirudi tena."

Zawena akafungua kinywa aulize kwa nini akishindwa mmoja wao wapoteze wote watano, naye Chui ashindwe kwa niaba yake tu. Hakuwahi.

"Imekubalika," akasema Mjomba Kirungu. "Katika msitu huu hakuna wa kutufunga karata."

Ni kweli hakuwepo. Walikuwa hawajawahi kucheza na mtu mwingine.

Mchezo wa kwanza. Chui akakaa karibu na Baba, mkia wake ameulaza mkekani. Baba alikuwa na Bi Shupaza. Chui akanyoosha kucha, akagusa karata moja. Miiba ya Baba ikalala, nywee. Akagusa nyingine. Miiba ikasimama, chwaa. Chui akachukua hiyo nyingine, akatabasamu. Ikawa hivyo kila zamu hadi Baba akabaki peke yake na Bi Shupaza mkononi.

"Chumba cha kulala ni changu," akasema Chui.

Mchezo wa pili. Chui akasema pale pana baridi, akahamia karibu na Mama. Ikawa yale yale. Nywee, akaiacha. Chwaa, akaichukua. Safari hii Zawena alikuwa akimwangalia, akaona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona, kwa sababu wengine waliona aibu hata kulifikiria.

"Mzee Chui, hutazami dari."

"Dari lina nini?"

"Ukichomoa karata unatazama dari. Ndiyo sheria."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa," akasema Mama taratibu. "Ni adabu tu, mzee wangu."

"Basi mimi ni mgeni. Adabu zenu nitazijua nikishahamia."

Mama akabaki na Bi Shupaza. Sebule ikaenda. Likabaki jiko, na ukichukua jiko la nungunungu umemchukua nungunungu mwenyewe. Nje mvua ilikuwa inamwaga. Nyanya akaanza kukunja shuka lake polepole.

Zawena akatazama shuka lile likikunjwa. Akawatazama wazazi wake, miiba inapanda na kushuka kama pumzi. Akatazama miiba yake mwenyewe, ambayo hata vita visingeibadilisha. Akaelewa. Mle ndani, asiyesomeka alikuwa mmoja tu, na si kwa ujanja. Kwa hasira.

Mchezo wa tatu ukaanza. Karata zikagawiwa. Zawena akakohoa.

"Mama, vile viazi vya mbegu havikuliwa na panya. Alikula Baba. Vibichi, amesimama nyuma ya mlango."

Miiba ya Mama ikasimama, chwaa.

"Na Baba, Mama alikushuku siku nyingi. Ndiyo maana anakupikia mchicha kila siku. Anasema mchicha ni bei rahisi, kumbe ni adhabu."

Miiba ya Baba ikasimama, chwaa.

"Na Mjomba, tukikuuliza unaondoka lini unasema mvua ikiisha. Mvua zimeisha mara nane."

"Nane?" akasema Mjomba. "Kumbe mlikuwa mnahesabu? Dada, mlikuwa mnanihesabia mvua?" Miiba yake ikasimama, chwaa.

Nyanya hakuna aliyemgusa. Yeye alichukia kelele, na kwa kelele zile miiba yake ikasimama yenyewe, chwaa.

Hapo nyumba ikawaka. Mama anauliza viazi, Baba anauliza mchicha, Mjomba anataka aombwe radhi na kuongezewa chai. Karata zinachomolewa katikati ya matusi, mbili mbili zinatupwa mkekani, na mle ndani hakuna mwiba hata mmoja uliolala.

Chui akagusa karata ya Mama. Chwaa. Akagusa ya pili. Chwaa. Akagusa zote kwa pamoja. Chwaa.

"Jamani," akasema Chui, "familia ni kitu kitamu. Sameheaneni."

"Wewe nyamaza, hujui viazi vile vilikuwa vya nani," akasema Mama.

"Mama, vuta pumzi," akasema Chui. "Baba, mshike mkono."

"Nimshike anipige?"

Zamu baada ya zamu, Chui akachomoa kwa kubahatisha kama mnyama yeyote. Baba akamaliza karata. Mama akamaliza. Nyanya akamaliza. Zawena akachomoa kwa Mjomba huku akitazama dari, Mjomba akapona, na Zawena aliposhusha macho akakutana na uso ambao mchwa waliukwepa.

Wakabaki wawili. Zawena ana karata mbili: kumi na Bi Shupaza. Chui ana moja: kumi. Zamu ya Chui. Akichukua kumi, jiko limekwenda.

Hata viazi vilisahauliwa.

Chui akaweka kucha juu ya ile kumi, bila kujua ni kumi. Akatazama miiba ya Zawena. Imesimama. Akainama karibu, akalainisha sauti.

"Binti, nasikia umesoma."

Zawena akazikaza karata zake mkononi.

"Kuchimba mashimo, si ndiyo? Nikishahamia hapa nitahitaji mtaalamu wa kupanua. Kazi ya kudumu. Barua utapata. Ofisi utapata. Sitakuuliza experience."

Jamani. Miaka miwili. Miaka miwili hakuna aliyemwambia maneno hayo kwa mpangilio huo. Zawena alijua Chui ni Chui. Alijua ofisi yenyewe ni jiko la mama yake. Lakini mgongo hausomi masharti ya kazi. Miiba ikatetemeka. Ikainama. Ikalala yote, mmoja baada ya mwingine, nywee.

Mama akaziba uso.

Chui akaona miiba imelala na kucha yake iko juu ya karata ile. Akacheka kimoyomoyo. Miiba hulala akiguswa Bi Shupaza, alishajifunza hilo mara mbili. Kwa hiyo akaiacha ile kumi, akahamisha kucha, akachukua ile nyingine kwa madaha.

Akaigeuza. Bi Shupaza akamtazama.

Sasa Chui ana mbili, Zawena ana moja. Chui akazichanganya nyuma ya mgongo, akazishika juu, uso wake mkavu kama jiwe. Zamu ya Zawena. Akanyoosha mkono na, kama alivyolelewa, akainua macho darini.

"Zawena," akasema Nyanya.

"Naam, Nyanya."

"Leo acha dari. Tazama mkia."

Zawena akashusha macho. Akagusa karata ya kushoto. Mkia wa Chui ukalala pale mkekani, mtulivu kama kamba. Akagusa ya kulia. Mkia ukapiga mkeka, pa.

Akarudi kushoto. Kimya. Akaenda kulia. Pa. Akarudi kushoto tena, kwa raha yake tu. Kimya.

Akachomoa ya kulia. Kumi. Akaiweka na mwenzake mkekani, akafungua mikono yake mitupu.

Chui akabaki na Bi Shupaza, na nje mvua inamngoja. Akasimama, akaukusanya mkia wake. Alipofika mlangoni Zawena akamwita. Sauti ilimtoka yenyewe.

"Mzee Chui. Na ile kazi?"

Chui hakugeuka. "Tutakupigia."

Chwaa.

Miiba ikasimama, na imesimama hadi leo kwa kizazi chake chote. Chui naye tangu siku hiyo hulala juu ya miti, maana mashimo yote ya chini yalikwisha kuisikia habari hii, na akiwa na hasira bado mkia humsaliti.

Ndani, familia ikacheka, ikalia kidogo, ikarudi kwenye suala la viazi. Kisha Baba akaviacha viazi ghafla.

"Mama," akamwambia Nyanya, "ulijuaje habari za mkia, na wewe ulikuwa unatazama dari?"

Nyanya akafungua tena shuka lake, akajilaza. "Nilikuwa natazama dari," akasema. "Kwa jicho moja."

Wote wakageuka. Wakakumbuka miaka yote ile Nyanya hajashindwa. Wakakumbuka vyombo vyote walivyoosha. Miiba ikasimama sebule nzima, lakini Nyanya alikuwa ameshaanza kukoroma, na mkoromo wenyewe ulikuwa wa uongo.

Basi mkiulizwa hadithi inafundisha nini, semeni hivi: mtu akikuahidi kazi huku kucha yake iko juu ya karata zako, usitazame mdomo wake, tazama mkia. Na mkubwa wa nyumba asiyeshindwa karata hata siku moja, mpeni vyombo aoshe kwanza, baraka mtazizungumza baadaye.

Hadithi imekata. Ikiwa tamu, gawaneni kama karata. Ikiwa chungu, aliyebaki na Bi Shupaza abaki nayo. Na wewe uliyelala usingizi nikisimulia, nimekuona. Vyombo viko pale.