Jiwe Lililolowa

"Likilowa jiwe, ngoja likauke," alisema Bibi Matika, msugua vito wa miaka mingi. Vijana wake wawili walikuwa wakituhumiana juu ya patasi iliyopotea. Waliacha kugombana, wakamuuliza maneno hayo yametoka wapi. Naye akawaeleza mwanzo wake.

Zamani katika vilima vya Ugogo walikuwepo wachimbaji wawili, Lechipya na Ndahani. Walichimba shimo moja kwa miaka kumi na mitatu, mmoja akishuka, mwenzake akibaki juu ameshika kamba. Lechipya hakuwa na mke wala ndugu wa karibu. Watu wake wote duniani walikuwa Ndahani.

Siku moja Ndahani alipanda na opali kubwa kama yai la kanga. Opali ni jiwe linalozaliwa na maji. Mvua huzama katika nyufa, huulainisha mwamba na kuubeba kidogo kidogo, na baada ya miaka isiyohesabika maji yale huganda kuwa jiwe. Wazee walisema ni upinde wa mvua uliopotea njia ya kurudi mbinguni. Walipoligeuza juani liliwaka kijani, likawaka jekundu kama kaa, kisha samawati. Lechipya alilitazama mpaka akasahau kula.

Kesho yake alikwenda mjini kumwita mnunuzi. Ndahani alijua kwamba opali iliyotoka kuchimbwa huweza kupasuka kwa joto, basi akalitia jiwe ndani ya kibuyu cha maji. Siku ya tatu Lechipya alirudi na mnunuzi, jiwe likatolewa. Halikuwa na rangi hata moja. Lilikuwa kama kipande cha chupa, ukilishika unaona vidole vyako upande wa pili. Mnunuzi alitabasamu tu, akaenda zake.

"Jiwe letu liko wapi?" Lechipya aliuliza.

"Ndilo hilo mkononi mwako."

"Hiki ni kioo, Ndahani. Lile umelificha wapi?"

Ndahani hakuapa wala hakubishana. Alikunja blanketi lake, akachukua sururu, akateremka kilima.

Lechipya alilitupa jiwe kwenye kichanja cha vyombo. Siku za kwanza hasira ndiyo iliyokuwa mwenzake. Hasira ilipopoa, alianza kujikuta akisonga ugali wa watu wawili. Shimoni hakuweza kushuka, maana hapakuwa na wa kushika kamba. Alishinda mlangoni siku nzima.

Siku ya kumi na moja, akitafuta chumvi kichanjani, aliona kitu kinawaka. Jiwe lilikuwa limekauka, na rangi zake zote zimerudi. Kumbe opali ya aina ile hunywa maji ikafifia, na ikikauka huwaka tena. Wote wawili hawakulijua hilo. Lechipya alilifunga jiwe ndani ya kitambaa.

Alitembea siku mbili hadi Kondoa, kwa dada wa Ndahani, ambako Ndahani alikuwa amekwenda kukaa. Ndahani alimpokea vizuri, akamnawisha mikono, wakala pamoja. Walipomaliza, Lechipya aliweka jiwe juu ya mkeka.

"Nilikukosea," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu, turudi."

"Nimekusamehe tangu nilipokuona mlangoni," Ndahani alijibu taratibu. "Lakini shimoni sishuki tena wewe ukiwa juu. Nitakuwa natazama kamba badala ya kutazama mwamba."

Jiwe waliliuza, wakagawana sawasawa kama desturi yao, wakaagana kwa heshima. Lechipya alirudi peke yake, akazeeka kilimani peke yake, na shimo likajaa mchanga.

Wachimbaji wapya walipokuja na kuanza kutiliana shaka, Lechipya hakuwasimulia yaliyompata; hayo yalikuja kusimuliwa na Ndahani. Aliwaambia neno moja tu, nao wakaenda nalo popote walipokwenda kuchimba: likilowa jiwe, ngoja likauke.