Mchimba Visima na Siwa Iliyopaa

Wamepokea wapokeao habari za kale, na mjuzi wa yote ni Mwenyezi Mungu, kwamba palikuwa na Sultani akiitwa Muntasiri bin Ghalibu, na mji wake ukiitwa Zumurani, nao uliegemea mlima mrefu hata wazee walibishana kama kilele chake ni jiwe au ni wingu lililochoka kutembea. Na watu wa mji ule walipenda arusi kuliko chakula, na arusi kwao haikuwa arusi mpaka siwa ya Sultani ipigwe mlangoni kwa bibi arusi, nayo ilikuwa pembe kubwa ya ndovu iliyovishwa pete za fedha. Na ikisha kulia, mwari hutoka ndani hata kama alikuwa amelia wiki nzima, akavuka kizingiti, akaenda zake kwa mumewe.

Na katika mji ule alikuwapo kijana mchimba visima, jina lake Tamimu bin Nasibu. Ardhini hakuwa na mpinzani. Alishuka mashimo ambayo wengine waliogopa hata kuyachungulia, na huko chini akiimba. Lakini mpandishe juu ya kitu, ndugu yangu, na utamhurumia. Kitanda alikiona ghorofa, akalala mkekani. Siku moja jirani alimwomba amwangulie papai, naye akapanda mpaka kimo cha mbuzi, kisha akaukumbatia mpapai na kuanza kupiga shahada, hata mbuzi mwenyewe akaja kumtazama.

Kijana huyu alikuwa amemposa Raihana binti Shambe, na Raihana hakuogopa kitu. Aliwahi kumfukuza chatu jikoni kwa mwiko. Baba yake, Mwinyi Shambe, ndiye aliyekuwa mpiga siwa wa Sultani, na Tamimu humchukulia siwa kwenda arusini, na mara nyingine huomba aipige, ikatoka sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Mwinyi Shambe hucheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu," humwambia, "pumzi unazo kama mivukuto ya mhunzi, ila koo lako limefungwa. Mwenye hofu kooni hapigi siwa."

Basi ikafika arusi ya binti Sultani mwenyewe. Mwinyi Shambe akaipaka siwa mafuta, akaianika juu ya dari ikauke, akaingia ndani kuvaa kanzu. Mara tai akatokea mlimani, tai mkubwa ambaye kivuli chake kilifunika soko zima la samaki, akaikwapua siwa na kupaa nayo kuelekea kileleni, na mji mzima ukabaki mdomo wazi. Bibi arusi akangoja, wageni wakangoja, na Sultani akaona haya, na haya ya mkubwa ikageuka ghadhabu.

"Ewe Shambe!" akanguruma barazani pake. "Siwa hiyo ilipigwa babu yangu alipotawazwa, na baba yangu alipooa, na leo mwanangu amekaa hina inamkaukia, na wageni wananitazama kama mtu aliyealika watu akawapakulia chungu kitupu. Naapa, Ijumaa baada ya sala, siwa iwe mkononi mwangu, ama shingo yako iwe chini ya upanga. Na atakayeirejesha, lolote aombalo nitampa."

"Hukumu ni yako, Sultani wangu," akasema Mwinyi Shambe na kuinamisha kichwa. "Kosa ni langu, nimeianika bila mlinzi." Wakamchukua, wakamtia gerezani.

Mashujaa wa mji wakajifunga vibwebwe wakaenda. Lakini njia ya kileleni ni moja tu, ni ukingo wa mawe uitwao Mgongo wa Upanga, nao walipouona wakausalimu kwa adabu wakarudi. Mmoja alisema amekumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Alfajiri ya Ijumaa ile Raihana akafika kwa Tamimu, leso ameifunga kiunoni. "Naazima kamba yako ya kisimani," akasema. "Nakwenda kumtwalia baba siwa."

Tamimu akamzibia mlango. "Raihana, utaanguka!"

"Nikianguka, nimeanguka. Baba akichinjwa nami nimekaa, nitaishije?"

Raihana hakumwambia "nenda wewe", wala hakumwambia "twende". Alijua alivyo, akamstahi, na kustahiwa kule kukamchoma Tamimu kuliko tusi. Akaishika kamba, asiiachie. "Kaa karibu na baba yako," akasema. "Kamba itakwenda na mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Usinicheke."

"Sicheki," akajibu, na kweli hakucheka, alilia.

Kabla ya kuondoka Tamimu alishuka kwanza katika kisima chake kirefu, maana huko ndiko roho yake ilikotulia, akatia mikono topeni na kumwomba Mola wake. Vidole vikagusa pete ya shaba. Alipoifuta kwa shuka yake kisima kikajaa moshi, na moshi ukasimama ukawa jini, sharubu zake ndefu upande mmoja, na upande wa pili zimeungua.

"Labeka, bwana wangu! Mimi Karakashi bin Dukhani, khadimu wa pete. Amuru, nijenge au nibomoe!"

Tamimu nusura amkumbatie. "Alhamdulillahi! Nirushe mpaka kilele cha mlima, nitwae siwa, unirudishe!"

Jini akakaa kitako kwenye tope. "Bwana wangu, niombe lulu za chini ya bahari. Niombe kasri, niombe jeshi. Lakini juu, siendi."

"Jini gani huyo asiyekwenda juu?"

"Aliyekwisha kwenda," akajibu Karakashi, na akamhadithia jinsi yeye na ndugu zake walivyopandana mabegani hata wakaifikia mbingu, ili wasikilize maneno ya malaika, na yeye ndiye aliyekuwa juu ya wote, na kimondo kikatupwa kikamchoma sharubu, akaanguka na kuanguka mpaka akasahau kuwa anaanguka. Toka siku ile akatafuta mahali pa chini kuliko pote akajificha. "Kila ulipokuwa ukichimba zaidi," akasema, "mimi nilikuwa nikikuombea dua."

Tamimu akaona magoti ya jini yakigongana, na ajabu, yake mwenyewe yakatulia kidogo. "Pete ikienda, huifuati?"

"Naifuata. Ndivyo nilivyofungwa."

"Basi simama, ndugu yangu. Twende kwa miguu."

Wakaenda mbio mbio, na msitu ukaisha, na majani yakaisha, wakafika penye mawe matupu, na mbele yao ukanyooka Mgongo wa Upanga, mwembamba kama ukuta wa ua, kuliani hakuna kitu na kushotoni hakuna kitu, na mawingu yakipita chini yake. Tamimu akachungulia mara moja tu. Akamwona mwewe anaruka, na alichokiona kilikuwa mgongo wake. Maisha yake yote alikuwa ameona matumbo ya mwewe, na leo mgongo ule wa hudhurungi ulikuwa chini, mbali chini ya nyayo zake. Dunia ikamzunguka, akalala kifudifudi na kuukumbatia mlima kama alivyoukumbatia mpapai.

Karakashi naye alikwisha jifanya mdogo kama mjusi, akaingia ndani ya kilemba cha Tamimu, akamshika nywele na kupiga kelele. "Tumekufa! Kimondo kile, kinakuja!"

"Ni jua, Karakashi."

"Jua nalo ni moto!"

Hapo Tamimu, ambaye hakuwa na neno la kujiambia mwenyewe, akapata neno la kumwambia mwenzake. Alikumbuka siku marehemu baba yake alipomteremsha kisimani mara ya kwanza, akamwusia: usitazame juu, mbingu itakuwa ndogo ukate tamaa, usitazame chini, giza litakuita, tazama udongo ulio mbele ya pua yako, uchimbe, kisha utazame mwingine. "Karakashi," akasema, "fumbua jicho moja. Unaona nini mbele ya pua yako?"

"Nywele zako."

"Na mbele ya pua yangu?"

"Jiwe. Lina kuvu ya manjano."

"Basi dunia yote leo ni jiwe hilo. Nimelishika. Haya, niambie la pili."

"Jeusi. Lina ufa."

"Nimelishika."

"Lile la kushoto linacheza! Usilikanyage!"

Akarudisha mguu, na jiwe likang'oka, likaenda, nao wakangoja lilie huko chini, wala halikulia. "Tusisikilize," akasema Tamimu. "Jingine?" Na hivyo wakasonga, jini akitaja na mtu akishika, penye nafasi kwa magoti, na pasipo nafasi akiupanda mlima kama mpanda punda, mguu huku na mguu huku, na upepo ukimpiga makofi, na moyo ukimdunda, lakini sasa ulidunda kama ngoma iliyo karibu kuchanganya.

Mara ukingo ukakatika, na mbele yao ukasimama ukuta mrefu wa jabali, nao umepasuka katikati tangu juu hata chini, na chini ya mpasuko ule ni wingu tupu. "Hapa ndipo mwisho wetu," akasema Karakashi. Lakini Tamimu aliutazama mpasuko ule, akacheka kicheko ambacho mlima ulikirudisha. "Mwisho? Hiki ni kisima!" Akaegemeza mgongo upande huu na nyayo upande ule, kama mchimbaji aliyekatikiwa na kamba, akajisukuma, akapanda, akajisukuma tena. Na alipokuwa katikati ya mbingu na nchi, akaanza kuimba.

"Unaimba?" akauliza jini, akitoa kichwa nje ya kilemba.

"Kisimani huimba!"

Wakatokea kileleni. Hapo palikuwa na kiota kipana kama ua wa nyumba, na ndani yake mna yakuti na almasi zimetapakaa kama kokoto, na siwa imelala juu yake, na tai amesimama, na kinda lake kubwa kama ndama limejificha nyuma ya matawi.

"Ewe mwana wa Adamu," akasema tai, "watu wameota mabawa siku hizi?"

"La, bibi. Nimekuja kwa magoti," akasema Tamimu, akamwonyesha yalivyochubuka. "Nirudishie siwa, nakusihi. Mzee mmoja atachinjwa kwa ajili yake leo hii baada ya sala."

"Sikuitwaa kwa choyo. Kinda langu limetimia manyoya, lakini linaogopa kuruka. Nami nikipita juu ya mji wenu naona mwari amejifungia analia, siwa ikilia hutoka. Nikasema, hii ndiyo dawa ya hofu. Nikaileta, kumbe mdomo wangu ni wa kurarua nyama, hauwezi kupuliza. Ipige wewe. Kinda langu likiruka, siwa ni yako. Lisiporuka, utabaki hapa nayo mpaka mifupa yako iwe vijiti vya kiota changu."

Jua lilikuwa limepita utosini, na chini kabisa msikiti wa Ijumaa ulionekana kama punje ya mchele, na watu wakitoka kama siafu. Tamimu akaitwaa siwa, akaupanda ukingo wa kiota, mahali pa juu kuliko pote, akasimama wima. Aliitafuta hofu kooni ili aimeze, asiikute. Akapuliza, na siwa ikalia kama haijapata kulia tangu ilipochongwa, sauti ikamwagika mlimani mpaka mjini, na kule uwanjani mwenye upanga alikuwa amekwisha inua mkono.

"Zuia!" akapaza sauti Sultani.

Mwinyi Shambe, akiwa amepiga magoti, akageuza uso. "Ni nani huyo mwenye koo wazi hivyo?"

"Ni Tamimu, baba," akasema Raihana, na machozi yakimtiririka. "Ni Tamimu wangu."

Lakini kileleni kinda lilikuwa likitetemeka palepale, na tai akakunjua makucha. "Ngoja, bibi," akasema Tamimu. "Siwa haimtoi mwari. Kuna jambo ambalo kutoka juu hukuliona. Mle ndani yuko somo wake, mama aliyemfunda, amemshika mkono, naye hutoka pamoja naye. Siwa huwaambia tu kwamba saa imefika."

"Mimi nimeliita kinda langu mara nyingi nilisaidie!"

"Wewe huogopi, bibi. Linamtaka anayeogopa."

Kisha kilemba kikatikisika, na Karakashi akashuka, akasimama katika kimo chake cha jini, sharubu moja ndefu na moja imeungua, meno yakigongana, akalishika kinda ncha ya bawa. "Mimi naogopa kuliko wewe," akaliambia. "Usitazame bonde. Tazama kidole changu hiki. Hiki tu." Tamimu akaipiga siwa mara ya pili, na hao wawili, mmoja akilia na mmoja akisoma aya zote anazozijua, wakauvuka ukingo. Wakaanguka! Kisha mabawa yakafunguka, na kinda likapanda angani, na pembeni yake jini akipinduka na kucheka kama mwendawazimu. "Hakuna kimondo! Bwana wangu, hakuna kimondo!"

Tai akamwachia Tamimu siwa kwa heshima, akamjazia na shuka yake yakuti na almasi, maana kinda halitakuwa na haja tena ya vitu vya kuchezea. Na Karakashi akambeba bwana wake mgongoni wakashuka mjini, na Tamimu alikuwa amefumbua macho, akaona mapaa, akaona kisima chake kikimtazama kama jicho, akapiga kelele za furaha mpaka wakagusa ardhi.

"Omba," akasema Sultani.

"Naomba, Sultani wangu, shingo ya mkwe wangu ikae mahali pake, na arusi yangu ifuatane na ya bintiyo." Sultani akampa hayo, akamwongezea jumba la ghorofa, na tangu siku ile Tamimu alilala ghorofa ya juu, tena kitandani. Karakashi naye akafunguliwa pete, akachagua kuishi juu ya paa.

Ikafika siku, binti Sultani akaolewa kwanza. Mwinyi Shambe akaipiga siwa mlangoni pake mwenyewe, na watu wakatazama mlango. Raihana hakutoka. Ikapigwa tena. Raihana, aliyemfukuza chatu kwa mwiko, alikuwa amesimama penye kizingiti, somo wake kamshika mkono, na miguu imekataa, maana aliona njia iliyojaa watu, na nyuma ya watu aliona maisha yote yanayomngoja. Tamimu akawaacha wenzake, akasogea mpaka mlangoni, akamnong'oneza, "Unaona nini mbele ya pua yako?"

Raihana akainua ushungi kidogo. "Nakuona wewe."

"Basi ni hapo tu."

Akavuka. Nao wakaishi kwa raha na mali na watoto, na wenye habari hii husema kwamba asiye na hofu bado hajafika penye ukingo wake, na mwenye hofu na amtafute mwenzake mwenye hofu, washikane mikono. Siwa imelia, hekaya imevuka kizingiti, na aliyeisikia na aende nayo kwake salama.